Kisanduku cha 28: Sababu Waliyokuandikia Ulipotoka Jeshini

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, dada zangu, na vijana mliovaa magwanda ya Marekani mkayavua, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuomba kubadilishiwa sababu ya kuachishwa jeshi, ile iliyoandikwa kwenye karatasi zenu. Mimi si wakili. Jeshini nilikuwa karani wa utumishi, nikiziandaa karatasi hizihizi, na sasa nikipata nafasi huwasaidia waliotoka kuzisoma. Pale panapohitaji wakili nitasema wazi.

Wengi wanaonifuata huanza na sentensi moja: "Nataka wanisafishie rekodi." Nawauliza, rekodi ipi, mstari upi? Wananyamaza. Hapo ndipo maombi mengi yanapofia, kabla hata ya fomu kutumwa, maana kazi ya bodi ni kubadilisha maneno fulani kwenye kisanduku fulani, kwa sababu fulani iliyothibitishwa. Asiyeyataja hayo hujibiwa kwa adabu kwamba hakuna kosa lililoonekana, na hawezi hata kulalamika, kwa kuwa hakuonyesha kosa lolote.

Basi, aliyekuja na DD-214 yake, ile karatasi ya kuachishwa jeshi, aitoe. Tazama chini kabisa, kuanzia kisanduku cha 23 hadi cha 30. Kama havipo, umebeba nakala fupi. Omba nakala namba 4, ambayo ndiyo ndefu, kutoka kituo cha rekodi za watumishi kilichoko St. Louis, kwa fomu SF-180. Kisanduku cha 24 ni hadhi ya utumishi wako: uliachishwa kwa heshima, au kwa hadhi ya jumla iliyo chini ya masharti ya heshima, au chini zaidi ya hapo. Cha 25 ni kifungu cha kanuni walichotumia kukutoa. Cha 26 ni msimbo wa herufi unaowakilisha sababu ya kutoka. Cha 27 kinasema kama unaruhusiwa kuandikishwa tena. Cha 28 ni sababu, imeandikwa kwa maneno ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Watu hukimbilia cha 24, na wana haki. Hadhi ndiyo inayofungua au kufunga mlango wa masomo yanayolipiwa na serikali. Kwa wahamiaji kama sisi kuna jambo zito zaidi: aliyepata uraia kwa njia ya utumishi wa jeshi, akaachishwa chini ya masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima, sheria inaruhusu uraia huo ufutwe. Nawataja hasa mlioingia kwa ule mpango wa 2009 wa kuandikisha wageni wenye lugha zinazohitajika, Kiswahili kikiwemo. Mwenye hofu ya uraia asijaze fomu yoyote kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji.

Lakini unaweza kuwa na neno "heshima" kwenye cha 24 na fedheha kwenye cha 28. Nimeziona karatasi za namna hiyo nyingi tu. Hadhi safi, halafu chini yake imeandikwa "kasoro ya haiba", au "kushindwa matibabu ya ulevi", au "utovu wa nidhamu". Mwajiri anapoomba nakala ndefu anasoma yote. Ofisi ya polisi inasoma. Na wewe mwenyewe unaisoma kila unapotaka mkopo wa nyumba.

Karatasi ya kuachishwa jeshi ilianza kuumiza watu zamani. Katika Vita Kuu ya Pili kulikuwa na cheti cha rangi ya buluu, ambacho hakikuwa cha heshima wala cha fedheha, kimekaa katikati. Kuanzia Desemba 1941 hadi Juni 1945 jeshi la nchi kavu lilitoa vyeti vya buluu 48,603. Kati ya hivyo, 10,806 walipewa askari Weusi: zaidi ya asilimia 22, ilhali askari Weusi walikuwa kama asilimia 6.5 ya jeshi hilo. Wengine wengi waliopewa ni wale walioshukiwa kuwa mashoga. Waajiri waliijua ile rangi. Gazeti la watu Weusi, Pittsburgh Courier, lilipiga kelele mwaka 1945, na 1947 cheti cha buluu kikaondolewa. Baadaye ikaja misimbo. Ilichapwa kwenye DD-214 kama namba tupu, askari mwenyewe haelewi maana yake, lakini orodha ya maana zake ilikuwa imeshavuja kwa waajiri. Mwaka 1974 Wizara ya Ulinzi ikaacha kuichapa, na waliokuwa nayo wakaruhusiwa kuomba karatasi mpya isiyo na namba hiyo. Leo msimbo na sababu vimo kwenye nakala ndefu.

Nayataja hayo kwa sababu njia tunayopita leo ilichimbwa wakati huo. Sheria ya 1944, ileile iliyowapa askari masomo na mikopo ya nyumba, ndiyo iliyounda bodi za kupitia upya uamuzi wa kuachishwa. Sheria ya 1946 ikaongeza bodi za kurekebisha rekodi. Kabla ya hapo, askari aliyetaka rekodi yake irekebishwe alihitaji mbunge wa kumpelekea muswada binafsi Bungeni. Hebu fikirieni, muswada mzima kwa ajili ya koplo mmoja!

Kwa hiyo bodi ni mbili. Ya kwanza ni Bodi ya Mapitio ya Kuachishwa. Fomu yake ni DD-293, na una miaka 15 tangu siku uliyotoka. Ina wajumbe wasiopungua 3, uamuzi ni wa wengi, na unaweza kuomba kusikilizwa ana kwa ana. Inaweza kubadilisha hadhi na sababu. Haiwezi kugusa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi, na haiwezi kukugeuza kuwa mstaafu kwa maradhi. Tena haina mamlaka ya kukushusha chini ya ulipo, kwa hiyo wanaoogopa kwamba wakiomba watapoteza hata kile kidogo walicho nacho, waondoe hofu.

Ya pili ni Bodi ya Kurekebisha Rekodi za Kijeshi. Fomu ni DD-149, wajumbe ni raia, wasiopungua 3. Sheria inasema uombe ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa, lakini bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki, na mara nyingi husamehe pale kesi yenyewe inapokuwa na uzito. Andika kwenye fomu kwa nini ulichelewa. Usiache nafasi hiyo wazi. Bodi hii ina nguvu pana zaidi, ikiwemo kukuhesabu kuwa ulistaafu kwa maradhi. Kwa kawaida anza na ya kwanza kama miaka 15 haijapita. Kila jeshi lina bodi zake, ila Marines wako chini ya bodi za jeshi la majini, na Space Force chini ya zile za jeshi la anga.

Nitumie muda zaidi kwenye kuandika ombi lenyewe.

Ukishajua sababu uliyoandikiwa ni ipi, lazima useme unataka iandikwe nini badala yake. Kuna sababu moja ambayo bodi huitumia mara kwa mara zinapotaka kufuta ya zamani bila kubuni nyingine: "Mamlaka ya Waziri", yaani waziri wa jeshi husika ametumia mamlaka yake kukuachisha, basi. Msimbo wake ni JFF. Haimwambii msomaji lolote kuhusu tabia yako au afya yako. Kwa hiyo ombi zuri husema hivi: kisanduku cha 28 kisomeke Mamlaka ya Waziri, cha 25 na cha 26 vilinganishwe na sababu hiyo, cha 27 kiwe msimbo unaoniruhusu kuandikishwa tena. Taja vyote. Nimewahi kuona mtu amebadilishiwa maneno ya cha 28, msimbo wa cha 26 ukabaki uleule, na mwajiri anayejua misimbo akasoma hadithi ya zamani kama kawaida.

Baada ya hapo eleza kwa nini. Milango ni miwili. Unaweza kuonyesha kwamba walivunja kanuni zao wenyewe wakakuumiza. Au kwamba kanuni zilifuatwa, lakini matokeo hayakuwa ya haki. Ukiweza kupita yote miwili, pita.

Niwape mfano. Dada mmoja, sitamtaja, alikuwa dereva wa malori. Alikwenda Afghanistan, akarudi, akawa halali usiku na akaanza kugombana na sajini wake. Miezi michache baadaye alikuwa nje: hadhi ya heshima, sababu "kasoro ya haiba". Maana ya neno hilo kijeshi ni kwamba alikuja nalo kutoka nyumbani, jeshi halihusiki. Alipokuja kwetu alikuwa ameandika kurasa nyingi za uchungu. Tulimwambia aziweke kando kwanza. Tukatandaza karatasi zake mezani kwa tarehe, ya zamani kushoto, ya karibuni kulia.

Uchunguzi wa afya siku ya kuandikishwa: akili timamu, hakuna dosari. Tathmini za utendaji kabla ya safari: nzuri, moja imesifu anavyoshirikiana na wenzake. Maelezo ya aliyempima akili: saa ya kuanza na ya kumaliza zimeandikwa, haikufika saa nzima, na aliyepima alikuwa mshauri, hakuwa daktari bingwa. Halafu notisi ya kamanda ya kumwachisha. Hapo kijana mmoja wa kujitolea akainua kichwa. Notisi ilikuwa imesainiwa siku 4 kabla ya kipimo. Yaani sababu ilitangulia, ugonjwa ukatafutwa nyuma yake.

Tangu Agosti 2008 kanuni ya Wizara ya Ulinzi imeweka masharti makali kwa askari aliyetumikia eneo la hatari: kasoro ya haiba ithibitishwe na daktari bingwa wa akili au mwanasaikolojia mwenye shahada ya udaktari, ihakikishwe na mtaalamu mwingine wa ngazi hiyo au ya juu zaidi, izungumzie kama kuna kiwewe cha vita, kisha iidhinishwe na mganga mkuu wa jeshi husika. Kanuni hiyo ilikuja baada ya Bunge kuuliza kwa nini maelfu ya askari wanatolewa kwa jina hilo wakati vita vinaendelea. Kwenye jalada la dada yetu hapakuwa na hata sharti moja lililotimizwa. Ombi lake la mwisho lilikuwa fupi kuliko barua yake ya kwanza. Kila sentensi ilikuwa na karatasi nyuma yake, kiambatisho A, kiambatisho B. Bodi ilibadilisha.

Kile kilio chake hatukukitupa. Kiliingia kama maelezo yake binafsi, mwishoni, na kilisomeka vizuri zaidi kwa sababu msomaji alikuwa ameshajua tarehe.

Kuhusu kiwewe cha vita, ile wanayoiita PTSD, na majeraha ya ubongo, na wale waliofanyiwa ukatili wa kingono wakiwa kazini. Kuna miongozo mitatu ya Wizara ya Ulinzi inayowahusu. Ya kwanza ni ya waziri Hagel ya Septemba 2014, iliyotaka bodi ziyatazame kwa moyo mkunjufu maombi ya maveterani wenye PTSD. Ya pili, ninayoithamini zaidi, ni ya Kurta, afisa wa juu wa wizara hiyo, ya Agosti 2017. Inauliza maswali manne. Je, ulikuwa na hali au tukio linaloweza kueleza au kupunguza uzito wa kosa lako? Je, lilikuwepo wakati wa utumishi? Je, kweli linaeleza au kupunguza? Je, lina uzito kuliko kosa? Ukiandika ombi lako, jibu maswali hayo manne kwa mpangilio huohuo. Umrahisishie kazi anayesoma.

Mwongozo huo una mambo mawili ambayo watu hawayajui. Unasema ushuhuda wa veterani peke yake unaweza kutosha kuthibitisha kwamba hali hiyo ilikuwepo. Hukatazwi kuomba eti kwa sababu hukwenda hospitali. Tunajua kwa nini wengi hawakwenda. Mwanamume wa kwetu amwambie daktari kwamba analia usiku? Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini tulificha. Na unasema wazi kwamba unapotaja "kuachishwa" unajumuisha hadhi, sababu, msimbo na ruhusa ya kurudi. Kwa hiyo mwenye hadhi ya heshima tayari, anayelalamikia kisanduku cha 28 tu, naye anastahili jicho hilohilo. Wa tatu ni wa Wilkie, afisa mwingine wa juu wa wizara hiyo, Julai 2018, unaozungumzia huruma na haki kwa jumla, hata bila ugonjwa.

Kwenye huo wa tatu ndipo maisha yako ya baadaye yanapoingia: kazi, masomo, malezi, kutokuwa na kesi. Watu wetu hupenda kuleta barua ya mchungaji au imamu. Ileteni, ni nzuri. Ila mchungaji hakuwepo kambini. Barua ya mwenzako wa platuni, anayesema "nilikuwa naye kwenye gari lile siku lile bomu lilipolipuka, na baada ya hapo hakuwa yuleyule", ukurasa mmoja, ameusaini na kuandika cheo chake cha wakati huo, mimi naithamini kuliko barua kumi za wanakwaya.

Kuna kundi jingine, na najua katika jamii yetu hili husemwa kwa sauti ya chini. Ni wale waliotolewa kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. Mtu huyu kila anapoonyesha karatasi yake analazimika kumfunulia asiyemjua jambo ambalo pengine hajawaambia hata wazazi. Sera iliyowatoa ilikoma tarehe 20 Septemba 2011, na siku hiyohiyo Wizara ikaziagiza bodi kwamba kwa kawaida zikubali: sababu iwe Mamlaka ya Waziri, hadhi iwe ya heshima, ruhusa ya kurudi iwe wazi, mradi mtu alitolewa kwa hilo peke yake na hakuna kosa lingine la kulikuza. Mapema 2025, kesi iliyofunguliwa na maveterani mwaka 2023 katika mahakama ya shirikisho kule California iliisha kwa maridhiano yanayorahisisha kuondoa maneno hayo. Hapa si lazima uandike maelezo marefu ya maisha yako. Waliotolewa kwa kukataa chanjo ya Covid, amri iliyotolewa Agosti 2021 na kufutwa Januari 2023, wana utaratibu wao pia, wanione baadaye.

Sasa, mzee mmoja aliniuliza mlangoni: "Mwanangu, mimi nataka kisomeke kwamba nilitoka kwa ugonjwa, nilipwe." Hilo ni ombi jingine na ni gumu zaidi. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilitoa uamuzi katika kesi ya Doyon, mwanamaji wa enzi za Vietnam aliyetolewa kwa rekodi ya kasoro ya haiba, aliyetaka rekodi isomeke kwamba alitolewa kwa PTSD. Mahakama ilisema lile jicho la huruma lilipaswa kutumika kwake. Mwaka uliofuata Wizara ikatoa mwongozo wa kutenganisha hatua: huruma itumike kwenye kupima sababu na hadhi, lakini swali la kama ulikuwa hufai kazi kwa maradhi lipimwe peke yake bila huruma hiyo. Anayetaka kustaafishwa kwa maradhi, huyo nampeleka kwa wakili. Vyuo vingi vya sheria vina kliniki za bure za maveterani.

Na msichanganye bodi hizi na Idara ya Maveterani. Idara inaweza kuamua, kwa madhumuni yake yenyewe, kwamba unastahili matibabu, na DD-214 yako isibadilike hata nukta. Ni milango miwili tofauti. Unaweza kubisha yote kwa wakati mmoja.

Jitayarisheni kusubiri. Sheria inazitaka bodi za kurekebisha zimalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na yote ndani ya miezi 18. Wakati unasubiri, soma maamuzi yao ya nyuma. Yamewekwa kwenye mtandao, majina yamefutwa. Tafuta yenye sababu kama yako, uone ni karatasi gani iliyowashawishi na ni hoja gani waliyoitupa. Wakikukatalia, ukipata ushahidi ambao hawakuuona, bodi ya kurekebisha inalazimika kukufikiria tena, wakati wowote. Baada ya hapo kuna mahakama ya shirikisho, na huko kwa kawaida una miaka 6.

Wakikukubalia, angalia wamekupa nini. DD-215 ni karatasi ya masahihisho inayoambatana na ile ya zamani, kwa hiyo anayesoma ataona kilichofutwa. DD-214 mpya haina mkia huo. Andika kwenye ombi lako, tangu mwanzo, kwamba unaomba DD-214 mpya. Kisha fuatilia nakala za zamani. Wengi wenu mlishauriwa mkaisajili kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti mlipotoka jeshini. Ile nakala bado iko pale, na bodi haitakwenda kuitoa. Nenda mwenyewe, uliza utaratibu wa kuiondoa au kuifunga, usajili mpya. Pita pia kwa mwajiri, chuoni, na kwenye Idara ya Maveterani.

Fomu 293 na 149 ziko kwenye meza ile ya nyuma, na vijana wawili wamekaa pale kukusaidia kusoma misimbo ya kisanduku cha 26. Naona mkono pale. Karibu, dada, uliza.